Redio Mbili Hadi Uchindile

Mmeniuliza kwa zamu, wengine sokoni, wengine baada ya misa: Mwalimu, safari ilikuwaje, na mbona umerudi mpole? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu na kipande chake, halafu mnakutana na kuviunga vibaya. Basi hii hapa yote. Habari za leseni na vibali vya redio siandiki. Zilinichosha wakati ule na zingewachosha ninyi sasa.

Kwa asiyejua, Masanja ana pikapu inayovuta magurudumu yote manne. Kiangazi hubeba mpunga, masika hubeba wagonjwa kutoka Uchindile na vijiji vya juu, kwa sababu masika hakuna kingine kinachopita. Simu kule mpaka upande kilima, na mvua ikikolea mnara nao unazima. Kwa hiyo gari huitwa kwa redio ya upepo. Sisi wapenzi wa redio wenye leseni bondeni tuko wachache: mimi, mwalimu wa fizikia mstaafu; Mzee Gaudensi, Mpogoro wa Mahenge aliyekuwa mtu wa redio misheni kwa miaka mingi; Masanja mwenyewe; na Prisca, nesi wa zahanati ya Uchindile, niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza.

Redio iliyokuwa kwenye gari niliichagua mimi. Ni ndogo, ina kioo cha rangi, sauti yake safi. Mzee Gaudensi alisema hiyo haivuki milima, nikamjibu kwamba fizikia nimeifundisha maisha yangu yote. Masika yaliyopita Prisca aliita gari kwa ajili ya mtu aliyeumwa na nyoka. Masanja hakusikia kitu. Yule mtu alifia njiani, amebebwa kwenye machela.

Sasa mvua za mwanzo zimeanza tena, Prisca akanitumia ujumbe akiwa kilimani. Alisema amepata uhamisho na Ijumaa anapanda treni, kwa sababu yeye redio haiwezi, wala kazi ile haiwezi. Akiondoka yeye, zahanati inafungwa, maana wa kumpokea hayupo. Nikamwomba asubiri. Nilimwambia tunakuja na redio mbili garini, ile ndogo na ile kubwa ya zamani ya Mzee Gaudensi. Zahanati ina mwenza wa kila moja, kubwa ukutani na ndogo mezani. Atakayoisikia ndiyo itakayobaki. Alijibu neno moja tu: "Sawa."

Ifakara na Katindiuka

Tulipanga kuondoka Jumatano alfajiri. Tuliondoka saa mbili na nusu. Redio kubwa ina uzito wa debe la mchele, na antena yake ni fimbo ndefu inayosimama kwenye bampa la nyuma na kuyumba kila gari likipumua. Mzee Gaudensi alitaka nyaya zipite alivyozoea yeye, Masanja akataka gari lake lisitobolewe, nami nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani nikiwaangalia. Mgongo ulishaanza kuuma na hatujasogea hata hatua moja.

"Lakini tukirudi moja inatoka," Masanja alisema. "Gari langu si duka la redio."

Tulipita katikati ya baiskeli na bajaji polepole. Tulipofika Katindiuka watu wakaanza kutupungia na kucheka, nasi tukapunga, tukidhani wametupenda. Kumbe antena ilikuwa imenyakua khanga ya mtu kwenye kamba ya nguo na tulikuwa tunaipeperusha kama bendera. Mwenyewe alitufikia kwa baiskeli, jasho linamtoka, na maneno aliyotupa siyaandiki kwa sababu baadhi yenu mnasali naye.

Masanja alishuka, akaipinda ile antena na kuifunga kwa mpira. Hapo mnanielewa. Sisi watu wa Ifakara hatuna kamba, tuna mpira wa tyubu ya baiskeli. Tunafungia kuni, tunafungia magunia, tunafungia kuku. Masanja ana fungu zima chini ya kiti.

Hadi Mngeta

Pancha ya kwanza ilitupata kabla ya Idete na ya pili baada yake. Kwenye ya pili tulikaa sana, kwa sababu jeki ilikuwa inazama kwenye tope na kulinyanyua gari kidogo kidogo kwa huruma. Mama mmoja aliyekuwa akienda shamba alitugawia vitumbua vya mchele, akakataa kukaa, akakataa hata kutuambia jina. Nilikula vinne. Sikuwa na njaa, nilikuwa na uchungu wa roho tu, na vitumbua vilikuwa vya moto.

Mbele ya Mbingu wafugaji watatu walisimama katikati ya njia na fimbo zao, ng'ombe wamejaa pande zote. Hawakutusalimu. Walikuwa wanaitazama antena, ambayo mpira wake ulishalegea ikasimama tena.

"Hiyo ndiyo ya kuhesabia ng'ombe?" mkubwa wao aliuliza.

Masanja akatoa kichwa dirishani. "Mwadila," aliwasalimu, na baada ya hapo nikapoteza maneno, maana walihamia Kisukuma. Waliongea mpaka kivuli cha gari kikahama. Masanja alitufasiria baadaye: walikuwa wamesikia kwamba kuna gari linakuja na mti wa chuma, na kwamba ule mti ukiinuliwa serikali inajua kila zizi lina ng'ombe wangapi. Masanja aliwaeleza ni redio ya kuitia gari la wagonjwa. Hawakuamini mpaka Mzee Gaudensi alipoiwasha na kuwasikilizisha yale makelele ya hewani, shhhh, kama mafuta ya kukaangia. Mkubwa wao alisikiliza kwa heshima, kisha akasema hakuna mtu humo ndani. Walitupa kibuyu cha maziwa ya mgando tukaachana vizuri.

Tulikuwa tumekubaliana na Prisca kwamba kila siku akimaliza kazi, saa nane mchana, atawasha redio kubwa. Saa nane ilitukuta Mngeta, mbele ya sahani za wali na kambale. Mzee Gaudensi aliacha chakula, akaenda garini, akashika maiki kwa mikono miwili na kubonyeza kitufe chake.

"Uchindile, Uchindile, hapa gari la Masanja, tuko Mngeta. Ova."

Shhhh. Aliita mara sita. Kambale wake akapoa. Nami nilijaribu ile ndogo yangu, ambayo haikutoa hata makelele, ilikaa tu na kioo chake cha rangi. Mzee alisema huenda mtoto bado ana mgonjwa, tuiache kubwa imewashwa njiani, atatuita mwenyewe. Mvua ikaanza kushuka, na paa la gari la Masanja linavuja. Mzee akaifunika redio kwa kipande cha turubai. Maiki ilikuwa inaning'inia na kumgonga mzee gotini, kwa hiyo Masanja akachukua mpira, akaizungushia kwenye kile kishikio cha mbele ya abiria, akakaza mara nne. Abiria wa pale nilikuwa mimi.

Mngeta hadi Mlimba

Sehemu hii ndiyo iliyonimaliza. Si mbali sana kwa kuangalia, lakini kwa tope lile kila kilomita ina safari yake. Masanja alikuwa anaimba wimbo mmoja wa Kisukuma usiokwisha. Mzee katikati yetu alikuwa anaulaumu mgongo wake, kisha barabara, kisha wazazi waliomzaa na mgongo ule. Tulisukuma gari mara mbili. Viatu vyangu vilibaki kwenye tope la mara ya pili.

Karibu na Chita mzee akaona kitu. Aliingiza mkono chini ya turubai, akazungusha kitufe cha sauti, akainama.

"Makelele yamekatika," alisema. "Haipumui kabisa. Na ina joto."

"Imezingua," Masanja alisema.

"Hii haijawahi kuzingua."

"Ndiyo imeanza leo, mzee."

Alipapasa fyuzi, akapapasa nyaya. Macho yake hayaoni vizuri tena na mvua ilikuwa inamdondokea shingoni. Alipoinuka alikuwa amenyong'onyea. Kwa aibu yangu nasema hili: nilifurahi kidogo. Nilifikiri, basi si redio yangu peke yake iliyoshindwa.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta la kusema: "Mwalimu, hivi kwa nini hasa mtoto huyu anaondoka? Kazi anaijua. Redio nilimfundisha mimi, anaiweza kuliko wewe."

Sijui kwa nini nilijibu. Labda ni uchovu, labda ni viatu. Niliegemea kile kishikio cha mbele kwa mikono yote miwili na kusema yote.

"Anaondoka kwa sababu yangu. Hakukosea kitu. Alibonyeza sawa, aliita sawa. Gari lilikuwa Mlimba, zima kabisa, na Masanja yumo ndani anasubiri kuitwa. Kilichoshindwa ni redio kuvuka mlima, na redio niliichagua mimi, na wewe ulinikataza. Aliponiuliza, Mwalimu, labda nilibonyeza vibaya? nikamwambia labda. Mwaka mzima nimemwacha na hiyo labda yangu."

Masanja aliacha kuimba. "Mimi nilikwambia gari lilikuwa zima," alisema. "Nilijua umemwambia."

"Sikumwambia."

"Ungemwambia, Mwalimu," mzee alisema.

"Ningemwambia nini? Kwamba mwalimu wake wa fizikia hajui mlima ni nini?" Nililia hapo, na sioni aibu kuandika. Hakuna aliyenibembeleza. Masanja alibadilisha gia, mzee akatazama mbele, tukaendelea hivyo mpaka taa za Mlimba.

Mlimba

Nyumba ya wageni ilikuwa na vitanda vitatu na chandarua kimoja. Chakula kilikuwa ugali na mlenda, ugali umekauka, mlenda una mchanga. Masanja alizima redio kubwa asije akamaliza betri kwa kitu kilichokufa. Mzee Gaudensi alitaka kuifungua aitazame, lakini hapakuwa na mwanga wa kutosha. Tulimpa chandarua yeye.

Alhamisi asubuhi tukaendelea. Tulipanda mlima kwenye mashamba ya miti tukakuta lori la magogo limelala kwa ubavu katikati ya njia. Tulisubiri kwa muda wa saa tatu mpaka likasogezwa kiasi cha sisi kupita. Vibarua wa miti walitukaribisha kwenye moto wao, wakatupa viazi vilivyochomwa kwenye jivu, na mmoja akaniazima kandambili akasema nitazirudisha nikipita. Ndio watu wema zaidi niliokutana nao safari nzima, na hata wao waliniuliza kama nimefiwa.

Kila kona nilijaribu redio yangu ndogo. Niliita nikiwa na hasira, niliita nikiwa na upole. Kimya. Tulipovuka ukingo wa mwisho, bati la zahanati likiwa linaonekana kabisa kule chini, ndipo sauti ikatoka, safi mno.

"Nakusikia, Mwalimu. Njooni tu."

Redio inayosikika ukishaliona bati la nyumba, ni heri kupiga honi. Masanja ndiye aliyelisema hilo.

Uchindile

Prisca alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake niliona mabegi mawili, godoro lililokunjwa na ndoo iliyojazwa vyombo. Alimwamkia mzee kwa magoti. Mimi alinipa shikamoo ya mdomoni, kisha akanipita akaenda moja kwa moja garini, akafungua mlango wa upande wangu.

Alikitazama kile kishikio. Akaanza kuufungua mpira, mzunguko mmoja baada ya mwingine.

"Nani kafunga hivi?" aliuliza.

"Mimi," Masanja alisema. "Ilikuwa inamgonga mzee."

"Umefunga na kitufe ndani. Kimebonyezwa muda wote." Aliunyoosha ule mpira mkononi. "Jana nilikuwa na mama anajifungua, nikachelewa. Nilipofika kwenye redio nikawakuta mnaongea. Nikaita, nikaita, fungueni maiki, fungueni maiki. Hamsikii. Mnaongea tu."

Mzee Gaudensi alikaa chini palepale kwenye ngazi. "Ndiyo maana haikupumua," alisema. "Ilikuwa inatuma, na ikituma haisikii. Na mimi nimeizika ingali hai." Alicheka huku anafuta macho, na alipotazama uso wa Prisca akaacha kucheka.

Mimi nilikuwa nimesimama na kandambili za mtu, naelewa polepole. Nilikuwa nimeegemea ile maiki.

"Ulisikia nini?" nilimuuliza.

"Nimesikia wimbo wa Masanja. Nimesikia mgongo wa mzee. Nimesikia yote, Mwalimu."

Nilitaka kumwomba msamaha lakini aliinua mkono. Alituonyesha benchi la wagonjwa, jipya, limepakwa rangi, tupu. "Hapa hawaji, labda aliyezidiwa kabisa kama yule wa jana. Wanashuka Mlimba kwa miguu na watoto mgongoni, wananipita. Wanasema nilikuwa nimelala, sikuita gari. Nami sikuwa na la kuwajibu, kwa sababu nilidhani kweli nilikosea. Usiniombe mimi msamaha. Twende kwa mama Sabina ukamwambie yeye."

Mama Sabina ndiye mjane wa yule aliyeumwa na nyoka. Tulimkuta uani anapukuchua maharage, na majirani wawili pembeni yake. Wanawake wale walinikaribisha mimi mgeni, wakamkaribisha mzee, wakampa Masanja kigoda. Prisca alibaki amesimama na hakuna aliyeonekana kumwona. Aliamkia, na shikamoo yake ikaanguka chini pale uani, hakuna aliyeiokota. Sijawahi kuona mtu aliyesomea na kuvaa sare ya kutibu watu akifanyiwa jambo kama lile.

Nilisema nikiwa nimesimama, kama darasani, maana sikujua namna nyingine. Nilisema nesi aliita gari, tena aliita vizuri. Nilisema gari lilikuwa tayari, dereva ndiye huyu. Nilisema redio iliyokuwa kwenye gari haikufaa kwa milima hii, na aliyeichagua ni mimi, niliyekatazwa na huyu mzee nikajifanya najua. Na nesi aliponiuliza kosa ni la nani, nikamwacha aamini ni lake.

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo kwa muda. Mama Sabina hakunitazama. Alimuuliza Mzee Gaudensi, "Na hii nyingine, inavuka?"

"Inavuka," mzee alisema. "Jana ametusikia tukiwa Chita."

"Basi muiache hiyo."

Kisha akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge na kumgeukia Prisca.

"Mwanangu," alisema, "nimekunyima salamu mwaka mzima."

Prisca alipiga magoti kwenye maganda ya maharage. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama Sabina alisema. Akarudia tena, kisha akamshika kichwani. Mimi hakuniambia neno lolote, si zuri wala baya, mpaka tunaondoka. Nadhani hiyo ndiyo haki yangu.

Kurudi

Usiku ule Prisca alitupikia viazi na maharage. Hakusema kama anaondoka au anabaki, na mabegi yalikuwa palepale mlangoni, ikabidi tuyaruke kwenda kulala. Sikuthubutu kumuuliza. Ijumaa asubuhi tuliifungua redio ndogo kwenye gari, tukaitoa na kuiachia ile kubwa ya mzee nafasi yote, antena ikasimama. Prisca alitazama kazi yetu akiwa amekunja mikono, akatuaga, akaingia ndani.

Kandambili nilizirudisha. Lori la magogo lilikuwa limeondolewa. Tulifika Mlimba tukanywa chai isiyo na sukari, tukakaa tu garini, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuendelea bila kujua kama amepanda treni. Tulisubiri mpaka saa ya treni ya Uchindile ikapita, kisha tukasubiri nusu saa nyingine, maana treni yetu mnaijua. Mvua ilikuwa inapiga paa. Mzee Gaudensi akaniwekea maiki mkononi na kugeukia dirisha.

Nilibonyeza. "Uchindile, Uchindile, hapa gari. Prisca, upo? Ova."

Niliachia kitufe. Shhhh, yale makelele, yanapumua vizuri. Nilihesabu mpaka ishirini. Masanja alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Mwalimu," sauti ilisema, ya mbali, ina mikwaruzo, nyuma yake kuna mtoto analia na wanawake wanasalimiana. "Subiri kidogo. Nina watu kwenye benchi. Ova."